Alinuswa Kila Alhamisi

Kila Alhamisi, kabla mtu yeyote hajamuuliza anaumwa wapi, mjomba wangu alinuswa.

Muganga wa wagonjwa wa neva alikuwa kwa kweli muuguzi tu, aliyepewa kazi hiyo kwa sababu hakuna daktari aliyeitaka. Alisimama mlangoni pa chumba chake, pale hospitali ya Kindu, abakosi ya kijivu, vazi la watu wa serikali, chini ya koti jeupe, na mgonjwa yeyote aliyeandikiwa "mulevi" kwenye fishi yake, yaani kadi ya hospitali, alipaswa kwanza kumpumulia usoni.

"Pumua."

Mjomba alipumua.

"Tena. Usizibe kinywa kama bibi-harusi."

Foleni ilicheka. Mjomba alipumua tena.

"Lotoko. Vidonge haviendi na pombe. Rudi Alhamisi ijayo ukiwa mukavu."

Basi tulirudi Alunguli, ng'ambo ya mto, bila kidonge hata kimoja, na mimi njia nzima nilikuwa namtukana mjomba moyoni. Leo matusi yale nayajutia. Hasira ninayo bado, ila nimeipeleka kwingine.

Niseme mimi ni nani. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu hakupenda maswali yangu, nami sikupenda majibu yake. Nilikata mbao Obokote, nilichimba Punia, nilibeba magunia stesheni. Sikukaa mahali zaidi ya msimu mmoja. Mama alinituma ujumbe nikiwa Punia kwamba ndugu yake anakufa. Nilishuka kwa miguu na kwa malori, nikamkuta hafi. Amekaa kwenye kiti mlangoni, macho mekundu, chupa chini ya kiti, miguu ameiweka juu ya kigogo kana kwamba sakafu imelowa.

Kabla ya uasi wa zile zamani, mjomba alikuwa kibarua wa reli, mtu wa mizaha, mwimbaji wa harusi. Baada ya uasi akawa mtu wa chupa. Watu walisema hivyo tu, "baada ya uasi", kisha wakabadili mazungumzo. Zaidi ya miaka kumi ilikuwa imepita. Chama kilikuwa kimetuambia kwamba amani imekuja na mambo ya kale yamekwisha, na Jumamosi tulifyeka kando ya mto kwa kazi ya lazima iliyoitwa salongo, tukiimba sifa. Mjomba hakwenda salongo ya mtoni hata siku moja. Alipigwa kwa ajili hiyo, akatozwa faini, akaitwa mvivu. Nami nilisema kama wengine: mvivu na mlevi.

Mama alitaka apone kwa njia ya nyumbani. Sisi ni Waislamu wa mji huu tangu enzi za mababu, na mgonjwa wa kichwa kwetu hupelekwa kwanza kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaosha maandishi kwa maji, na mgonjwa anakunywa maji yale. Ndiyo kombe. Mjomba mwenyewe alilitaka. Sijamwona akitaka kitu kama alivyolitaka lile kombe.

Mwalimu, mzee msafi mwenye sauti ndogo, alimtazama akatikisa kichwa. "Kinywa chenye pombe, swala yake haipokelewi siku makumi ine. Nitaandikaje maneno ya Mungu yapite pale? Akae siku makumi ine bila kugusa. Kisha mumulete."

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu, na mimi ndiye niliyelifanya kwa mikono yangu. Nilinunua kufuli. Chumba cha nyuma, ambamo mama aliweka mchele wake wa biashara, nilikiondolea magunia, nikaweka mkeka, ndoo na mtungi wa maji. Nikamfungia mjomba humo. Nilijiona mwanaume kweli, nimeketi na mgongo kwenye mlango, ufunguo shingoni.

Siku ya kwanza alipiga mlango. "Mutoto ya dada, fungua. Kidogo tu."

"Bado siku makumi tatu na tisa, mujomba," nilimjibu, na majirani waliokuwa uani wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Siku ya pili alitetemeka mpaka nikasikia meno yake kupitia mbao. Siku ya tatu, saa sita mchana, alianza kuzungumza na watu. "Wamelowa," alisema. "Dada, leta nguo, hawa watu wamelowa wote." Mama alianza kulia. Mwalimu aliitwa, akasoma nje ya mlango akiamini ni mashetani yanatoka. Nami niliamini. Kisha tukasikia mwili ukianguka. Nilipofungua, mjomba alikuwa anarukaruka sakafuni, povu mdomoni, macho yamegeuka, amejiuma ulimi.

Tulimbeba kwenye mlango uleule niliokuwa nimeegemea, nilioung'oa kwenye bawaba zake. Tukamvusha akiwa hajitambui. Hospitali walimchoma sindano, wakamlaza majuma mawili. Aliamka, akala, akawa mkavu kweli. Mtu aliyemwandikia ruhusa aliandika kwenye fishi neno moja, "mulevi", akaagiza aje kila Alhamisi kwa yule wa neva apewe vidonge vya usingizi na vya kutuliza, mradi asiguse tone.

Siku ya kutoka nilikwenda kumchukua. Tulishuka mpaka kivukoni tukizungumza vizuri. Pale kivukoni kuna wanawake wanaouza ndizi za kuchoma, na chini ya vitambaa vyao wana lotoko. Niligeuka kulipa mtumbwi. Nilipogeuka tena, mjomba alikuwa amekwisha kumeza chupa nzima ndogo, macho amefumba, kama anayekunywa dawa chungu.

Nilimtukana mbele ya wote. Nilimwambia kwamba mama yangu ameuza nusu ya mchele wake kwa ajili ya sindano zake. Nilimwambia afadhali angekufa mle chumbani. Mpiga kasia, kijana mwenye mdomo, aliongeza yake: "Muache, kaka. Muzee anatia mafuta kwenye motere, tupate kufika." Watu wakacheka. Mjomba aliingia mtumbwini, akakaa katikati, akainua miguu.

Ikawa hivyo majuma sita. Asubuhi ya Alhamisi anakunywa, tunavuka, ananuswa, anafukuzwa. Akirudi anakunywa tena. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Shule niliiacha kwa maswali. Lakini kwa majuma sita sikujiuliza swali jepesi kuliko yote: kwa nini anakunywa kabla ya kuvuka, wakati siku nyingine anaweza kukaa mpaka adhuhuri bila kugusa?

Juma la saba niliamua kumkomesha. Nilimpekua tangu alfajiri. Nilimshika mkono kutoka nyumbani mpaka majini. Nilimwambia, "Leo utapumua na yule bwana atanusa uji tu." Mjomba aliniangalia kwa namna ambayo sasa naijua. Alisema, "Sawa, baba. Tuvuke." Aliniita baba, kama mtu anayeomba huruma kwa mkubwa wake.

Mto ulikuwa umejaa. Tulipofika karibu na katikati, mikono yake ilianza kutetemeka, kisha magoti. Alikusanya miguu mpaka kifuani. Shina la mgomba lilikuwa linaelea likija upande wetu, jeusi, limelala kwa urefu, na mpiga kasia aliinua kasia alisukume.

Mjomba alipiga yowe. "Usimupige! Usimupige kasia, iko muntu pale!"

"Ni mugomba, muzee."

"Anafungua macho! Umuache!" Alimrukia yule kijana, mtumbwi ukayumba, maji yakaingia. Nilimlalia mjomba kwa uzito wangu wote. Mpiga kasia aligeuza bila kuambiwa. Hakutania tena siku ile, wala baadaye.

Tulikaa kwenye nyasi upande wa Alunguli, nguo zimelowa, jua limepanda. Watu wa soko walipita na mabakuli yao. Sikumwuliza chochote, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Alisema mwenyewe, akitazama mikono yake.

Wakati ule alikuwa stesheni na mkokoteni wa kubebea mizigo ya abiria. Wenye bunduki walikuja wakasema mkokoteni una kazi. Yeye na vibarua wawili walipakia maiti, wakasukuma mpaka pale ambapo sasa ni kivuko cha kwenda hospitali, wakatupa majini. Wakarudi. Wakapakia. Safari ya tatu, mmoja alifungua macho.

"Alikuwa muuza chumvi. Jirani yetu. Aliniita kwa jina yangu. Akasema, nipe maji."

Aling'oa nyasi kando yake.

"Yule mwenye bunduki akacheka. Akasema, umesikia, anataka maji. Mupe basi maji."



"Nikamupa," mjomba alisema.

Nilimwuliza swali la kijinga, kwa kuwa kichwa changu kilitafuta pa kushika. "Walikuwa wale wa kwanza, waasi, ao wale wa pili, maaskari?"

"Wote walikuwa na bunduki," alisema.

Kisha akanieleza jambo ambalo lilinichoma kuliko yote. Kombe alilitaka kwa sababu aliamini mikono yake ni michafu mbele ya Mungu na hakuna maji mengine yanayoweza kuisafisha. Akaambiwa kwanza kinywa kiwe safi. Vidonge alivitaka ili alale bila kumsikia muuza chumvi. Akaambiwa kwanza avuke, na avuke mkavu. Mtu ameungua moto, nasi wote tumesimama mlangoni tunamwambia aache kwanza kulia, ndipo tutamtazama kidonda. Mwalimu, muganga, chama, mama yangu. Mimi na kufuli langu.

Nilivuka peke yangu saa ileile. Nilimkuta muganga anafunga chumba. Nilimweleza yote, nikipaza sauti, na kadiri nilivyopaza ndivyo yeye alivyotazama korido.

"Shusha sauti, mwananchi," alisema, kwa lugha ya chama.

"Usiniite mwananchi! Mujomba wangu hawezi kuvuka bila kunywa, na wewe humupi dawa akinywa. Sasa apite wapi? Juu, kama ndege?"

"Iko sheria ya dawa. Vidonge hivi juu ya pombe vinazima pumuzi."

"Basi mupe dawa ya ile nyingine! Ile inamufanya anywe. Andika ile kwenye fishi!"

Alinivuta ndani, akafunga mlango. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mwenye kiburi alikuwa ameondoka, amebaki mtu mwenye hofu. "Niandike nini? Sema wewe mwenye akili. Niandike kwamba watu walitupwa mutoni? Nani aliwatupa? Fishi hizi zinasomwa. Neno 'mulevi' halijamufunga mutu hata mumoja. Njo maana ninaliandika."

Tulitazamana. Nilitaka kumpiga. Nilijua pia kwamba anasema kweli, na hilo liliniudhi zaidi.

Hatimaye aliuliza, chini chini, "Ulimufungia wewe?"

"Ndiyo."

"Ungemuua. Mutu aliyekunywa miaka mingi hakatwi mara moja, hata kidogo. Afadhali apimiwe. Kila siku kipimo kilekile, kisha kila baada ya siku chache upunguze kidogo, na akianza kutetemeka unasimama hapo, hupunguzi. Ale. Na asilale peke yake." Akafungua mlango. "Mimi sikusema kitu."

"Kwa nini hukutuambia zamani?"

"Kwenye foleni? Mbele ya nani?"

Mama yangu hajawahi kuacha swala. Nilipomwambia, aliinuka, akaleta kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kikombe alichopewa siku ya ndoa yake. Nilichora alama ndani kwa msumari, moja chini ya nyingine. Tangu siku ile, mara nne kwa siku, mama alimpimia ndugu yake lotoko kama mtu anayepima mafuta ya taa, bila kumwaga tone, akikaa naye mpaka amalize. Wakati anakunywa, anasema. Mama ndiye aliyemfanya aseme. Hakumwuliza habari za mkokoteni. Alimwuliza habari za muuza chumvi: alikuwa mtu wa namna gani, watoto wake walikwenda wapi, chumvi yake ilikuwa nzuri? Siku moja nilimsikia mjomba anacheka, anasimulia jinsi muuza chumvi alivyokuwa akipunja.

Majirani walinusa, wakapeleka habari. Mwalimu alikuja akasimama uani na kanzu yake nyeupe.

"Mama, ni kweli unapima pombe ndani ya nyumba hii?"

"Napima dawa, mwalimu. Ile yako ilikuwa ya siku makumi ine. Huyu alitaka kufa siku ya tatu."

Mzee aligeuka. Akaondoka. Siku iliyofuata alirudi na chupa yenye maji ya rangi ya zafarani, akaiweka kizingitini bila kuingia. "Ile ya makumi ine ni ya swala," alisema, akitazama pembeni. "Ya ugonjwa sikuulizwa, nami sikujiuliza. Anywe hii kabla ya kile kikombe." Mama alimshukuru. Mimi sikumshukuru. Nilikaa na hasira yangu, na bado nadhani ilikuwa haki yangu.

Baada ya majuma matano kikombe kilikuwa kimeshuka alama tatu. Lakini ndoto zilibaki, nasi hatukuwa na vidonge wala mtu anayejua njia. Kupunguza peke yake hakukutosha. Mjomba alianza kukwama kwenye alama ileile, na jioni jasho lilimtoka. Ilibidi avuke. Kwa kuvuka alihitaji kipimo chake cha asubuhi, si zaidi. Na angenuswa.

Fishi tulikaa nayo wenyewe nyumbani. Nilichukua kalamu ya risasi. Upande wa mbele palikuwa na lile neno. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Niliandika kwa mwandiko wangu wa darasa la tano: *Huyu muntu si mulevi tu. Walimupa kazi ya kutupa watu mutoni. Mumoja alikuwa hajafa. Hawezi kuvuka bila kunywa kidogo. Musimunuse. Mumuulize.*

Mama aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Watakufunga," alisema. Kisha akamfunga ndugu yake kilemba kichwani ili jua lisimpige.

Tulivuka. Mjomba aliketi kwa kutazama mgongo wa mpiga kasia, nami nilimshika kiuno. Alitetemeka, lakini hakupiga yowe. Upande wa pili, juu ya ngazi za kivuko, siku hiyo askari walikuwa wanakagua karatasi. Kadi za chama, vitambulisho, kila kilichokuwa mfukoni. Mbele yetu mama mmoja alimwagiwa kikapu chake chote chini. Nilihesabu hatua za kurudi majini. Askari alichukua kadi yangu ya chama, akaikubali. Akachukua fishi ya mjomba.

Alisoma upande wa mbele.

"Mulevi!" alisema kwa sauti, akamwonyesha mwenzake. "Hata hospitali wameandika! Muzee, umepata diploma!" Walicheka wote wawili, wakamrudishia bila kugeuza. Mjomba akasema asante. Neno lililotufungia mlango juma baada ya juma, leo limetupitisha.

Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yetu, muganga alisogeza uso kama kawaida, nami nikamwekea fishi mbele ya pua, upande wa nyuma ukimtazama. Alisoma. Alisoma mara ya pili. Alitazama korido kushoto, akatazama kulia. Kisha akaikunja fishi mara mbili na kuitia katika mfuko wa ndani wa abakosi yake.

"Hii haikai hapa," alisema. "Nitaandika nyingine."

Nilidhani ndiyo mwisho. Nilikuwa nimekwisha kukunja ngumi. Lakini aliingia ndani, akafunga madirisha yote mawili, katika joto lile, akavuta kiti chake mwenyewe kutoka nyuma ya meza, akakiweka karibu na kile cha mgonjwa.

"Kaa, muzee. Ulikunywa leo?"

"Kidogo. Kwa kuvuka."

"Kiasi gani?" Mjomba alimwonyesha kwa vidole viwili. Muganga aliitikia kwa kichwa. "Sawa. Leo ya vidonge baadaye. Huyu aliyeomba maji, alikuwa nani kwako?"

Mjomba alinigeukia mimi. "Huyu atoke inje kwanza," alisema.

Basi nilitolewa, mimi mwenye kupenda kujua kila kitu. Mlango ulifungwa usoni kwangu, nikakaa ngazini na watu wa foleni. Muda ukapita. Jua likahama kutoka miguuni kwangu mpaka ukutani. Nilisikia sauti ya mjomba kupitia mbao, nisielewe neno, sauti tu, nikakumbuka sauti nyingine niliyoisikia kupitia mbao, nikasogea mbali na ule mlango.

Hakuacha pombe kabisa, lazima niseme. Alama mbili za mwisho za kikombe zilibaki naye mpaka nilipoondoka tena kwenda Punia. Lakini alivuka kila Alhamisi, na hakuna aliyemwambia tena apumue.

Siku ile foleni ilianza kunung'unika. Mwanamume mmoja mwenye mkono wa bandeji alinigusa bega. "Wee, kijana. Yule si yule mulevi wa kila juma? Kwani leo hawakumunusa?"

"Hawakumunusa."

"Sasa anafanya nini mule muda wote huu?"

"Anaumwa," nikasema. "Ngojeni."